Eee ya Gumato

Bango lilipopandishwa juu ya lango la makumbusho, Gumato alivuka barabara akasimama ng'ambo kulitazama, na badala ya kufurahi akaanza kulitafutia kosa. Hivyo ndivyo alivyoumbwa. Wengine wakipewa chai hunywa. Yeye huchungulia kwanza kama kuna nzi. Juu palikuwa na herufi nne nyekundu, HAMA, na chini yake, kwa maandishi madogo, Mawira mchora mabango alikuwa ameandika: "Maonyesho ya watu wanaohama, mali yao na sanaa yao." Tahajia ilikuwa sawa. Bango halikupinda. Hata rangi ilikuwa imeshakauka.

Mzee mmoja akapita na mbuzi wake akielekea soko la mifugo. Alisimama chini ya bango, akalisoma kwa sauti, herufi moja moja kama mtoto wa shule. Kisha akatema mate kando, akamwomba Mungu kinga, akawaswaga mbuzi wake wapite upande wa pili wa barabara, pale pale aliposimama Gumato. Wala hakumsalimu.

Gumato alijiambia kwamba labda mzee analichukia jengo tu, maana zamani lilikuwa ofisi ya karantini ya mifugo, na wako wazee ambao ng'ombe wa baba zao waliingia hapo wasitoke. Jibu hilo lilimtuliza kidogo. Wasiwasi ukishapata jibu hata la uongo hulala, ila haulali usingizi mzito.

Sasa acha nikwambie mapema shida ya Gumato, kwa sababu yeye mwenyewe hangekwambia. Alikuwa Mborana wa damu, kwa baba na kwa mama, na jina lake ni jina ambalo ukiliita katika soko la maziwa la Isiolo watageuka wanawake wengi. Lakini Kiborana hakukijua. Baba yake, Jattani, alikuwa polisi, leo Nyeri, kesho Nakuru, kesho kutwa Voi, na katika nyumba za polisi watoto walisema Kiswahili ili wasichekwe. Mzee alisema, "Hiyo lugha nyingine mtajifunza tukirudi nyumbani." Wakarudi nyumbani na jeneza lake.

Maneno ya Kiborana aliyobaki nayo yangetosha kwenye kiganja: la salamu, la maji, la njoo, na "eee," yaani ndiyo. Usiidharau hiyo eee. Eee na kutikisa kichwa vinaweza kumfikisha mtu mbali, na vikiongezwa jina lake, Gumato vilimfikisha kazini. Siku ya mahojiano, Bwana Kaberia, mkuu wa makumbusho, Mmeru mpole anayependa mambo yake yanyooke, alimuuliza, "Kiborana unajua, ama?" Naye Gumato akajibu kwa kiburi cha mtu anayetetemeka, "Bwana Kaberia, mimi naitwa Gumato Jattani." Kaberia akacheka, akaona aibu kwa kuuliza, na mambo yakaishia hapo.

Tangu siku hiyo hakuwa na raha. Akisalimiwa sokoni alijifanya anaongea na simu. Huko Chechelesi alikopanga chumba alitoka mapema kabla akina mama hawajakaa barazani, akarudi wameshaingia jikoni. Njia ya mwongo ni fupi, na hili Gumato alilijua kuliko mtu yeyote, kwa sababu kila asubuhi aliamka akiangalia kama mwisho wake umeshafika.

Na bado, tazama moyo wa binadamu: ni yeye aliyeleta wazo la maonyesho. Alitaka katikati ya ukumbi isimame nyumba nzima ikiwa safarini, mikeka ya kusuka, fito zilizopindwa, vyombo vya maziwa, vyote vimefungwa juu ya ngamia ambaye Mawira alimtengeneza kwa mbao, na ukutani picha za wachoraji wa mjini wakionyesha watu walivyohama na wanavyohama. Wageni wangetoka Nairobi siku ya Jumamosi, watu wenye uwezo wa kuyafanya makumbusho yawe makumbusho au yabaki jengo la karantini. Kaberia alikuwa amemwambia, akicheka nusu, "Hii kitu ikiharibika, Gumato, mimi na wewe ndio tutahama." Mkataba wa Gumato ulikuwa unaisha mwezi huo huo. Hiyo nusu nyingine ambayo haikucheka ndiyo aliyolala nayo kila siku.

Vitu vya nyumba vilikuwa vya wanawake wa kijiji cha Kulamawe. Alikuwa amekwenda kuwaomba mwenyewe, wakaketi kwenye veranda ya duka, wakamkaribisha chai ya maziwa, wakamwaga Kiborana juu yake kama mvua, naye akawa anatikisa kichwa. Alipopata mwanya alisema kwa Kiswahili, polepole, kwa sauti ya ofisi, "Maonyesho yetu inaitwa Hama."

Vikombe vilisimama hewani. Mwanamke mzee kuliko wote, Akko Habibo, yaani Bibi Habibo, mwembamba, jicho moja lina ukungu, aliinama mbele.

"Hamaa?" aliuliza.

"Eee," Gumato akasema. "Hama."

Habibo akauliza kitu kingine, kirefu, na ndani yake neno lile lile likapita tena. Gumato akafurahi kwamba limewaingia. "Eee, Akko. Mlete ile yenu kabisa. Si ya kununua sokoni. Ile ya kutoka moyoni."

Hakuna aliyecheka wala aliyepiga vigelegele. Mama mmoja alijifuta macho na ncha ya shungi. Gumato akadhani wameguswa, na kweli walikuwa wameguswa. Ndipo Habibo aliposogea, akamuuliza jina lake kwa Kiswahili cha kuvunjika, akaambiwa, akaushika mkono wake kwa mikono yote miwili. Akaanza kusimulia. Alisimulia kwa sauti ya chini, muda mrefu, macho yake yakiwa usoni mwa msichana huyu wa ofisi. Gumato hakushika hata neno. Aliwatazama wengine, akaona wanatikisa vichwa, naye akatikisa. Akatabasamu, kwa sababu alidhani tabasamu ni salama kila mahali.

"Eee," alisema. "Eee, Akko. Vizuri sana."

Habibo aliuachia mkono. Akamtazama kwa muda, kisha akarudi kukaa mahali pake. Macho yale yalimfuata Gumato mpaka Isiolo, na kila alipoyakumbuka alijiambia kwamba wazee ndivyo wanavyotazama.

Ijumaa, siku moja kabla ya wageni, baada ya watu kutoka msikitini, Deka, rafiki wa Gumato, alikuja kuangalia lori lake litaingilia wapi. Deka alikuwa Msomali wa Isiolo, kitukuu cha askari waliopigana vita vya Mwingereza wakapewa makao hapa, na siku hizi familia yao ilikuwa ya malori. Kiborana alikisema kuliko Waborana wengi wa mjini. Alikuwa amelituma lori Kulamawe tangu alfajiri na dereva wake, Sakariye, kuwachukua wanawake na vitu vyao, kwa sababu ya urafiki tu. Alifika langoni, akainua macho, akasahau hata salamu.

"Gumato! Nani alikuandikia hii maneno?"

"Mimi. Kwani iko makosa?" Moyo wake ulishaanza mbio.

"Soma."

"Hama. Kuhama. Kutoka hapa unaenda pale."

"Hiyo ni Kiswahili."

"Kwani kuna ingine?"

Deka alimkazia macho aone kama ni mzaha. Hakuona mzaha, na polepole uso wake ukabadilika.

"Wallahi, dada yangu, wewe ni Mborana ama ni wa kuazimwa? Hamaa ni mbaya. Ni kitu mbaya, uovu. Mtu akifiwa, ng'ombe ikiisha na kiangazi, watu wakiuana, hiyo ndiyo hamaa. Umeandika ubaya hapa kwa mlango, tena na nyekundu, alafu umealika watu waingie."

Gumato alikaa chini kwenye kizingiti. Mzee wa mbuzi alimjia akilini, na mate yake, na dua yake. Kisha, jambo lililo baya zaidi, ile siku ya Kulamawe ikaanza kurudi neno kwa neno, na kila neno sasa limevaa nguo nyingine. Maonyesho yetu inaitwa ubaya. Mlete ile yenu kabisa. Ile ya kutoka moyoni.

"Deka," alisema, "mpigie Sakariye. Mwambie wasije."

Deka akapiga, akaweka sauti juu ili wote wasikie. Upepo na injini vikasikika kwanza, kisha Sakariye. "Tumetoka kitambo, tuko karibu kuingia mjini. Lakini Deka, hii mzigo ni ya nini? Ulisema ni nyumba. Hakuna mkeka hata moja hapa, hakuna fito. Wamebeba vitu... mimi sijui hata nikuambie aje. Na hakuna mtu anaongea huko nyuma. Lori nzima ya mama, kimya."

Simu ikakatika. Wakati huo huo Bwana Kaberia akatokeza kichwa dirishani. "Gumato! Hao mamas wako wamefika wapi? Hiyo nyumba lazima isimame leo."

"Wako njiani, Bwana Kaberia," alijibu Gumato, na sauti yake ikatoka nzuri kabisa. Ukizoea kudanganya, mdomo hukutangulia.

Aliwaza kukimbia. Nasema kweli, aliwaza basi la Nairobi, begi lake dogo, na simu iliyozimwa. Badala yake akamwita Mawira aje na rangi nyeupe afute bango. Mawira alikuja na ngazi begani, mtu mzima, baba wa mabinti walioolewa, akapanda, akachovya brashi, akauliza, "Sasa niandike nini?" Gumato aliogopa kila neno alilolifikiria, maana nani angemhakikishia kwamba hilo nalo si tusi la mtu? "Ngoja kwanza," alisema. Basi Mawira akabaki juu ya ngazi, brashi ikidondosha rangi nyeupe kwenye vumbi, na lori likapiga honi kwenye kona.

Wanawake waliteremka mmoja mmoja, wamejifunga shungi zao nzuri, za sikukuu. Walilitazama bango. Hawakutema mate. Waliingia ukumbini kama watu wanaoingia nyumba ya msiba, kila mmoja akiwa na kitu chake mkononi, wakaviweka juu ya meza ndefu iliyotandikwa kitambaa cheupe kwa ajili ya vyombo vya maziwa.

Kulikuwa na kamba ya kufungia ndama, fupi, yenye fundo ambalo halikufunguliwa tangu ndama wa mwisho. Kulikuwa na kengele ya mbao ya ngamia, ufa umepita katikati. Mama mmoja aliweka kandambili moja ya mwanamume, ya kushoto; ya kulia ilikwenda na mto, pamoja na mwenye mguu. Mwingine aliweka jerikeni ya njano iliyopasuka, akasimama kando yake ameishika mpini kama anayemshika mtoto mkono. Habibo aliweka gorfa, kile chombo cha maziwa kinachosukwa kwa nyuzi kikakazwa mpaka kisivuje, lakini hiki kilikuwa kidogo sana, cha mkono wa mtoto, na mdomo wake ulikuwa umefungwa kwa kitambaa kilichofubaa.

Bwana Kaberia alikuwa amefika mlangoni. Alivipitia vitu kwa macho mpaka mwisho wa meza, akarudi mpaka mwanzo. "Hii ni nini?" alinong'ona. "Gumato. Kesho watu wanatoka Nairobi. Waambie kuna makosa. Waambie kwa lugha yenu, polepole, na heshima. Wachukue hizi, tutume lori ilete ile mikeka."

Hapo ndipo ulipokuwa mwisho wa ile njia fupi. Wanawake walikuwa wamegeuka wote kumtazama. Deka alikuwa amesimama karibu na ukuta, tayari anajua. Habibo akasogea hatua, akamwambia Gumato maneno mengi kwa Kiborana, na mwisho wake sauti ikapanda, lilikuwa swali. Eee ikapanda yenyewe kooni mwa Gumato, kama ilivyozoea. Safari hii aliishika.

"Akko," alisema kwa Kiswahili, "sijaelewa."

Habibo akarudia, polepole zaidi.

"Akko, mimi sijui Kiborana." Akawageukia wanawake wote. "Sikujua hata ile siku ya Kulamawe. Hama yangu ilikuwa ya Kiswahili. Kuhama. Nilitaka mikeka na nyumba. Sikujua nimewaambia mlete ubaya."

"Hujui aje?" alisema Kaberia.

Wale waliokijua Kiswahili waliwatafsiria wengine kwa minong'ono, ikapita kwenye kundi mpaka ikafika mwisho. Jicho zima la Habibo halikuhama.

"Hata ile siku?" aliuliza kwa Kiswahili.

"Hata ile siku."

"Mimi nilishika mkono yako. Nilikuambia mtoto yangu imekufa. Wewe ukacheka."

"Sikucheka, Akko, nilikuwa—"

"Ukasema vizuri sana."

Gumato alitamani ardhi ipasuke. Tunalisema neno hili kila siku tukiwa tumechelewa au tumevunja sahani. Yeye siku hiyo alilitamani kweli. Habibo akaichukua gorfa mezani, akaikumbatia, akatoka. Kandambili ikaondolewa. Kamba ikaondolewa. Wanawake wakaanza kurudi kwenye lori bila kelele. Deka akamkimbilia Habibo akisema naye kwa Kiborana, akanyamazishwa kwa mkono.

"Akko!" Gumato alitoka mbio, akampita, akasimama kati yake na lori. Alikuwa analia sasa, wazi, mbele ya Sakariye, mbele ya Mawira juu ya ngazi, mbele ya barabara nzima. "Niambie tena. Nakuomba. Deka atanitafsiria."

"Deka inyamaze," alisema Habibo. "Nataka wewe usikie na masikio yako. Mimi Kiswahili yangu ni mbaya, lakini utasikia."

Alikaa kwenye ukingo wa saruji kando ya lango, gorfa mapajani. Wengine wakasimama wakiwa wameshika vitu vyao.

"Sisi tulikuwa Biliqo. Mvua ikakataa, ikakataa tena. Wanaume ikasema, tuhame. Tukavunja nyumba, tukafunga juu ya ngamia. Mimi nilikuwa na msichana, kidogo, hivi." Aliinua kiganja kutoka ardhini, si juu sana. "Jina yake Gumato. Ndiyo maana nilishika mkono yako, uliposema jina. Njiani ikashikwa na homa. Asubuhi inaongea, mchana haiongei. Maji iko mbele, mbali. Ng'ombe haiwezi ngoja, wakingoja wote tunaisha. Tukazika kando ya njia, tukaweka mawe, tukaenda. Mimi nikaenda. Unasikia? Mimi na miguu yangu. Mvua ilipokuja tukarudi, tukatafuta mawe. Nchi yote ni mawe."

Aligusa kitambaa kwenye mdomo wa gorfa.

"Hii ilikuwa ya kunywa yeye. Sijaosha. Sijafungua. Wewe unasema hama ni kuhama. Mimi nasikia hamaa, mbaya. Kwangu hiyo ni siku moja."

Gumato hakusema eee. Hakusema vizuri, wala hakutabasamu. Alikuwa amechuchumaa kwenye vumbi mbele ya mzee, na kwa mara ya kwanza tangu afike Isiolo alikuwa amesikia kila neno aliloambiwa na mzee wa kwao, akaona heri angekuwa kiziwi.

"Nimesikia, Akko," alisema.

"Sasa umesikia." Habibo alinyanyuka kwa shida, akakataa kushikwa mkono. Gumato alidhani anapanda lori. Lakini mzee alisimama akatazama juu, kwa Mawira. "Hiyo imeandikwa aje?"

"Hama," Deka akamsomea.

"Basi haijaisha. Ongeza ile imebaki."

Mawira alimtazama Gumato, Gumato akamtazama Kaberia, na Kaberia, ambaye macho yake yalikuwa mekundu na asingekubali ukimuuliza, akasema, "Si umesikia mama amesema nini?" Mawira akashuka kutafuta rangi nyekundu. Nafasi ilikuwa ndogo. A ya mwisho ikabanwa ukingoni, nyembamba kuliko wenzake, na ukipita leo utaiona imejikunja hivyo hivyo.

Vitu vikarudi mezani. Kaberia mwenyewe aliibeba jerikeni. Ngamia wa mbao akaburutwa kando kupisha meza, na wanawake wakapanga wenyewe, wakibishana kipi kikae wapi. Mwishoni, kando ya gorfa, Habibo akaacha nafasi ya kitambaa kitupu, na Gumato alipotaka kuisogeza kamba ijaze pengo, akapigwa kidogo kwenye mkono.

"Acha. Hiyo ni yako. Kila mtu imeleta yake."

"Mimi sina kitu, Akko."

"Unayo. Umeficha tu."

Mficha uchi hazai, wahenga walisema, na Habibo hakuhitaji kuyajua maneno hayo ya Kiswahili kuyasema. Wanawake walikwenda kulala kwa jamaa zao mjini. Kaberia alimngoja Gumato kwenye korido, akiwa amevua miwani. "Mambo ya kazi yako tutaongea wageni wakienda," alisema. Hakukuwa na ukali katika sauti yake, na hilo lilimtisha Gumato zaidi. "Lakini kesho wewe ndiye wa kusimama kukaribisha hawa mamas kwa Kiborana. Nilishaandika kwa programu, na imeshachapishwa. Sijui utafanya aje."

Hata Gumato hakujua. Asubuhi ya Jumamosi alifika kabla ya wote, akiwa hajala, mdomo umekauka. Habibo alipoingia na wenzake, Gumato alimfuata kwenye benchi akamwinamia sikioni. Alimwomba amfundishe jambo moja tu la kusema. Habibo akauliza jambo gani. Gumato akamnong'oneza. Mzee akalisema kwa Kiborana, mara moja, na Gumato akaondoka akilirudia midomoni kama mtu aliyetumwa dukani akiogopa kusahau.

Wageni walikuja na magari meupe, na maji ya chupa, na viatu visivyolijua vumbi letu. Walizunguka meza. Walianza wakiongea kwa sauti na kufika mwisho wakiwa wanaongea chini. Gumato hakuona hayo. Alikuwa anasikiliza moyo wake tu. Alipoitwa jina alitembea mpaka mezani, si kwenye kipaza sauti, akasimama mbele ya ile nafasi tupu kando ya gorfa. Akaweka viganja vyake viwili juu ya kitambaa. Ukumbi mzima ulimngoja. Alimtafuta Habibo kwenye benchi, akampata.

"Ani afaan Borana imbeku," alisema.

Mgeni mmoja wa Nairobi, akidhani ni baraka za kimila, akapiga makofi, na wenziwe wakamfuata kwa adabu. Kaberia alipiga nao. Deka alijifunika mdomo kwa shungi. Wanawake wa Kulamawe hawakupiga makofi, kwa sababu wao walijua alichosema: mimi sijui Kiborana.

Makofi yalipokufa, sauti ya Habibo ikatoka kwenye benchi, kavu, haina haraka.

"Tena. Imbeeku. Vuta."

Gumato alivuta pumzi. Machozi yalikuwa yanamshuka mpaka kidevuni, akayaacha.

"Ani afaan Borana imbeeku."

Habibo alitikisa kichwa.

"Eee," alisema.